Kasoro za Nyumba ya Baba

Jikoni kwa kanisa, Tarrs Hollow, Pennsylvania
10 Januari 2019

Dada Dodie,

Najua bahasha imekushtua. Usinipigie kuniuliza. Simu inakaa mfukoni mwa Duane, mimi napewa nikitaka kuongea na daktari wa meno, na yeye husimama pembeni mpaka nimalize. Ukitaka kunijibu, andika kwa Bi Pavlik hapa jikoni kwa kanisa. Kila Alhamisi tunabana kingo za pierogi za viazi za kuuza Ijumaa, na Duane hakanyagi humu tangu siku Bi Pavlik alipomwambia avue kofia.

Nina mpango, na naomba uusome wote kabla hujaanza kutukana.

Kuna kipindi cha runinga kinaitwa Funguo Mezani. Wanakwenda kwa watu ambao nyumba zao hazipati wanunuzi, wanabomoa, wanapaka rangi, wanaleta makochi ya kuazima, halafu wanaiuza mbele ya kamera. Duane hakosi hata wiki moja. Anasema yeye angewafunika wote wale. Basi nimeomba fomu, nikamwambia, "Tujaribu, Duane. Wewe ndiye utakayeongea." Ameanza kujaribu tabasamu kwenye kioo cha bafuni.

Historia ya nyumba unaijua. Baba aliniachia mimi kwa sababu wewe ulisema huitaki hata bure, na mwaka wa harusi nikamwandika Duane kwenye hati kwa ujinga na mapenzi. Sasa siwezi kuiuza bila saini yake. Nilimwomba mara moja, miaka minne iliyopita. Ndiyo ile Krismasi niliyokwambia nimebanwa vidole na mlango wa gari. Nilibanwa kweli, ila mlango haukujifunga wenyewe.

Kwa ajili ya runinga atasaini. Akipata nusu yake atakwenda Florida kwa kaka yake, maana boti anaiota hadi mchana. Nikiondoka hivihivi, bila yeye kupata kitu, atanifuata. Ameshanieleza utaratibu: ataanza na wewe, ili mimi nisikie kwanza.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Uliwahi kucheka ukauliza mbona picha zetu zimetundikwa chini kama za chekechea. Zimetundikwa pale zilipohitajika. Baba alibandika kuta upya kwa bodi za jasi, laini, ngumi inapita moja kwa moja. Picha ya Moyo Mtakatifu iko sebuleni karibu na swichi. Kalenda ya nyumba ya mazishi iko jikoni, ni ya mwaka 2016, hatuwezi kuitoa. Ile yetu ya Komunyo ya kwanza iko nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Ziko kumi na moja. Zote ziko usawa wa kichwa changu, kwa sababu kichwa changu ndicho alichokikosa.

Naogopa, Dodie, lakini kwa mara ya kwanza naogopa nikiwa na la kufanya.

Mdogo wako,
Bern


Erie
18 Januari 2019

Bern, mdogo wangu mpumbavu,

Nimeusoma wote. Sasa natukana. Nimefuta mistari minne ya kwanza kwa sababu Bi Pavlik huenda akafungua bahasha, na mimi bado nataka anizike kwa heshima.

Unaniambia mwanaume amekuwa akikutupia ngumi za kichwa miaka kumi na tisa, na dawa yako ni fomu ya runinga? Mimi naendesha gari la kusukuma theluji la jiji. Lina bamba la chuma mbele lenye upana wa uchochoro wenu. Nipe siku moja. Nipite juu ya gari lake kwanza aangalie, halafu nirudi nimchukue yeye. Nitasema kulikuwa na ukungu.

Njoo kwangu. Kochi lipo. Paka atakuzoea. Nyumba ni matofali, Bern. Wewe unasema "nyumba ya Baba" kama mtu anayetaja kanisa. Mimi nililala kwenye nyumba hiyo miaka kumi na saba, na mkanda wa Baba naukumbuka kuliko sauti yake. Ulikuwa mdogo, yeye alishachoka alipofika kwako. Ndiyo sababu sikuitaka. Nyumba hiyo inazoea wanaume.

Nisikilize. Nimesikia ulichosema kuhusu atakavyokufuata, na kuhusu kuanza na mimi. Mwambie akija avae vizuri, Erie kuna baridi. Lakini kama umeamua, umeamua, ulikuwa hivyohivyo tangu ukiwa na miaka mitatu na kijiko mdomoni. Niandikie kila Alhamisi. Alhamisi nisipopata barua nitakuja.

Dodie


Funguo Mezani, Ofisi ya Uteuzi
6 Februari 2019

Wapendwa Duane na Bernadette,

Habari njema. Video yenu imetupendeza mno, na ninyi ni miongoni mwa familia sita zilizoingia hatua ya pili.

Duane, unaongea kama mtu aliyezaliwa mbele ya kamera. Tulicheka sote pale ulipomshika mkeo shingo na kusema, "Huyu ndiye bosi wa nyumba." Bernadette, tungependa kukuona ukitabasamu zaidi, ingawa ukimya wako nao una mvuto wake. Wanandoa wanaotaniana ndio watazamaji wetu wanaowapenda.

Zile picha zilizotundikwa chini zimekuwa gumzo la ofisi. Mwenzangu mmoja amekwenda nyumbani akashusha za kwake. Tukija, tutazitoa zote mbele ya kamera na kuwauliza hadithi ya kila moja.

Naambatisha karatasi ya idhini ya kuuza. Kwa kuwa majina yenu yote mawili yako kwenye hati, tunahitaji saini zote mbili kabla ya kupanga tarehe.

Kwa furaha,
Tamsin Orbach
Msaidizi wa Uteuzi


Jikoni kwa kanisa
14 Februari 2019

Dada Dodie,

Tumepita hatua ya kwanza. Barua yao Duane ameibandika kwenye jokofu na amewasomea wenzake wa mchezo wa bowling mara mbili.

Unataka kujua video ilivyotengenezwa. Tulirudia mara saba. Mimi nilikuwa na sentensi moja, "Karibuni kwetu," niiseme kwa furaha. Mara ya kwanza alisema sauti yangu ni ya msiba. Mara ya tatu nilisahau nikatazama chini. Mara ya nne akazima kamera, akaiweka vizuri juu ya jokofu isije ikaanguka, ndipo akanipiga tumboni. Wiki ya kamera hapigi usoni, amekuwa mtaalamu. Nilitapika kwenye sinki, nikanawa, nikasema "Karibuni kwetu," na yeye akasema, "Unaona? Ukitaka unaweza."

Pale anaponishika shingo, alibonyeza kidole gumba chini ya sikio. Ukiitazama video bila sauti utaniona nikipanda juu kidogo, kwa vidole vya miguu. Wale wa ofisini wanasema walicheka.

Shida ni moja tu sasa. Karatasi ya idhini imekuja, mimi nimeshasaini, yeye hataki. Anasema hasaini mpaka wampe tarehe, na wao hawatoi tarehe mpaka asaini. Ipo mezani jikoni chini ya kopo la chumvi, kalamu juu yake. Nikiitaja ananiuliza nina haraka ya kwenda wapi. Jana aliuliza akiwa ameshika sikio langu, na bado linavuma.

Mbavu ziko sawa, usianze. Naweza kuinama. Bi Pavlik ananipa kazi za kukaa na anasema viazi vya mwaka huu vimejaa maji kama wanaume wa mwaka huu. Hajaniuliza kitu hata siku moja, ila wiki hii aliniwekea barafu ndani ya kitambaa cha kufunikia unga na akaenda kumfokea mtu mwingine.

Wiki tatu zaidi, Dodie, au nne. Nivumilie.

Bern


Erie
20 Februari 2019

Bi Orbach,

Hunijui. Mimi ni dada yake Bernadette Hudak wa Tarrs Hollow, wale wenye picha za chini ambazo zimewachekesha.

Ondoa picha moja utaona tundu. Ondoa zote utaona kumi na moja, kila moja ukubwa wa ngumi ya mume wake. Simama mbele ya tundu lolote utakuta liko mbele ya uso wa mwanamke wa futi tano na inchi moja. Hiyo ndiyo hadithi ya kila moja, nimekupunguzia safari. Alipomshika shingo kwenye video hakuwa anatania. Dakika tano kabla ya hapo alikuwa amempiga mpaka akatapika.

Sikuombi umkaripie. Nakuomba jambo moja, na ni jambo la kazi yenu. Wapeni tarehe. Duane atasaini siku hiyohiyo mkimpa tarehe, kwa sababu anataka uso wake uonekane. Akisaini nyumba itauzwa, ikiuzwa mdogo wangu ataondoka akiwa hai. Mpaka hapo, mkiweza tumeni watu nyumbani mapema, wapimaji, wapiga picha, yeyote. Mbele ya watu hampigi.

Usimwambie kwamba nimekuandikia. Na Bernadette pia usimwambie. Atanikasirikia, na hasira zake nitazimaliza mwenyewe.

Dolores Sabol


Funguo Mezani, Ofisi ya Uteuzi
26 Februari 2019

Wapendwa Duane na Bernadette,

Tumepokea barua kutoka kwa ndugu wa Bernadette, ikieleza mambo kadhaa kuhusu maisha yenu ya nyumbani. Kwa kanuni zetu, lolote tunaloambiwa kuhusu waombaji huonyeshwa kwa waombaji wote wawili, ili pasiwe na upendeleo. Nakala imeambatishwa.

Tafadhali msihuzunike. Nyumba ya urithi inapokaribia kuuzwa, ndugu wengi husema mengi, na tumeyaona hayo kila msimu. Hata hivyo, wakili wetu anataka maelezo mafupi kutoka kwa kila mmoja wenu, kwa maneno yake mwenyewe, yakiwa na saini.

Mkishatuma, tutaendelea pale tulipoishia. Bado tunawapenda.

Tamsin Orbach


Tarrs Hollow
3 Machi 2019

Shemeji Dolores,

Mimi si mwandishi kama wewe. Umenishinda. Barua yako ni nzuri, ina hesabu na vipimo. Futi tano na inchi moja, sawasawa kabisa.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimsomea Bern kwa sauti. Mara ya pili nikamwambia anisomee yeye. Mara ya tatu hakuweza.

Aliteleza uani, kwenye barafu. Ameumia taya, kuongea hawezi, kwa hiyo naongea kwa niaba yetu sote kama kawaida. Anakusalimia. Anasema asante kwa msaada, ila huku kwetu mambo ya mume na mke ni ya mume na mke, na mwanamke ambaye hajaolewa na anaishi na paka asijitie ujuzi.

Hesabu yako ya picha imepitwa na wakati. Tumetundika nyingine. Naona ni haki kusema umeichagua wewe.

Najua pia habari zako wewe. Unaegesha nyuma ya kituo cha mafuta, unatoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, unakwenda kununua kahawa kwa mguu. Theluji ya Erie ni nyingi, shemeji. Mtu anaweza kulala chini yake mpaka Aprili wala asiwasumbue watu.

Kuhusu runinga usijali. Nimewaandikia maelezo yangu. Na ya Bern nimemwandikia. Saini ameweka mwenyewe, mkono bado unafanya kazi.

Duane Hudak


Jikoni kwa kanisa
8 Machi 2019

Dolores, binti wa Andy Sabol,

Mimi ni Irma Pavlik. Macho yangu ni mabovu, barua hii itakuwa fupi.

Jana hakuja kubana. Alhamisi ya kwanza ya Kwaresima, pierogi dazeni mia mbili zimeagizwa, na Bernadette hakosi. Nikachukua supu nikaenda. Mumewe akanipokea mlangoni, akasema amelala. Nikamwambia nitamwangalia akilala. Akacheka, akachukua supu, akaimwaga kwenye theluji mbele yangu, akanirudishia sufuria.

Nilipofika barabarani nikageuka. Bernadette alikuwa dirishani. Mwanangu, sikumjua mpaka alipoinua mkono. Upande mmoja wa uso umeshuka kuliko mwenzake.

Nilikwenda kwa konstebo. Anacheza bowling na Duane. Alipita pale, akakaa dakika kumi, akarudi na kuniambia ni barafu.

Nina miaka sabini na tisa, nimezika waume wawili, mmoja wao kwa furaha. Najua barafu inachofanya na najua isichofanya. Njoo. Usiandike, njoo.

Irma Pavlik


Erie
25 Machi 2019

Bern,

Nakuandikia kwa Bi Pavlik, nimesikia amekulaza kwenye chumba chake na yeye analala kwenye kiti. Usimbishie. Najua taya limefungwa kwa waya na simu haikufai, basi tuendelee na karatasi.

Mtulinga wangu umeungwa kwa chuma. Kichwa kimeshonwa nyuzi kumi na nne. Vidole vya mkono wa kushoto bado havisikii kitu, daktari anasema ni baridi ya sakafu ya baraza, vitarudi au havitarudi. Gari la theluji wamempa kijana wa miaka ishirini na mitano ambaye ameshabomoa masanduku mawili ya barua.

Konstebo wa wilaya, siyo yule wa bowling, amekuja huku kuchukua maelezo. Nimemwambia ninayoyajua. Nilifika kwenu Jumanne ile saa tano na nusu asubuhi. Nikagonga. Duane alifungua akiwa na beleshi la theluji mkononi, akasema, "Shemeji, umekuja kwa mguu?" Nikamwambia anitolee mdogo wangu. Sikuona beleshi likija. Nilisikia mfupa, nikasikia kichwa kikigonga ngazi, kisha sikusikia tena. Nilipozinduka ulikuwa umenifunika blanketi na gari la wagonjwa lilikuwa linapinda kona. Ukaandika kwenye kiganja chako kwa kalamu: AMEANGUKA. Ndipo nikaambiwa Duane yuko chini ya ngazi za ndani, amekufa.

Jambo moja linamkera konstebo. Yost, jirani yenu, anasema alisikia kelele saa sita kasoro robo, akaongeza sauti ya runinga yake, Mungu amlaani. Simu ya kuita gari ilipigwa saa saba. Aliniuliza saa ile nzima na zaidi ilikwenda wapi. Nikamwambia simu ilikuwa mfukoni mwa Duane, na Duane alikuwa chini ya ngazi, na wewe ulikuwa mtu uliyevunjwa taya siku kumi na moja bila daktari. Nikamwambia akili yako iliruka. Ameandika, akafunga daftari.

Ninachotaka kusema ni hiki, na sijui kukisema vizuri. Barua yangu ndiyo iliyokuvunja taya. Ulikuwa na mpango na ulikuwa unakwenda. Uliniomba wiki nne tu. Mimi nikajifanya mjanja, nikamwandikia mwanamke nisiyemjua, la sivyo ungekuwa na saini ya Duane sasa na yeye angekuwa Florida. Silali, Bern. Nikifumba macho namwona akikusomea.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza niambie pia.

Dodie


Funguo Mezani, Ofisi ya Uteuzi
3 Aprili 2019

Mpendwa Bernadette,

Pole sana kwa msiba. Ofisi nzima imeguswa, na tunajuta kwamba maelezo yetu ya mwezi Februari huenda yaliongeza mvutano nyumbani. Wakili wetu ameniomba niseme "huenda".

Bado tungependa kuja. Mwanamke anayeanza upya peke yake ni hadithi ambayo watazamaji wetu wataipokea kwa moyo wote. Tunaweza kuanza tarehe 6 Mei.

Kwa kuwa marehemu alikuwa mmiliki mwenzako, nyumba sasa ni yako yote, na saini moja inatosha. Naambatisha fomu ya kasoro za nyumba, ambayo kila muuzaji huijaza. Wakili anasema katika jimbo lenu kifo kilichotokea ndani hakihesabiwi kuwa kasoro, kwa hiyo hulazimiki kukitaja. Paa linalovuja ni kasoro.

Kwa heshima,
Tamsin Orbach


Kwa Bi Pavlik, Tarrs Hollow
11 Aprili 2019

Dodie,

Barua yako haikunivunja taya. Ni mkono wake wa kulia, nilikuwepo. Lala.

Umeniomba msamaha, na mimi nimekaa wiki mbili na kalamu mkononi kwa sababu mwenye kuuomba ni mimi. Ukishasoma fanya utakavyoona. Mpe yule konstebo ukitaka.

Alipokupiga aliingia ndani akipiga kelele, na beleshi bado mkononi. Nilikuwa nimesimama mlango wa ngazi za chini, zile za kushuka kwenye choo alichotumia Baba akitoka kiwandani. Alinizungushia beleshi kwa nguvu zake zote, nikainama, na buti zake zilikuwa na theluji, akateleza, akanipita, akaporomoka. Sikumsukuma. Nataka ujue hilo kwanza, kwa sababu yanayofuata ni mabaya zaidi.

Alifika chini na mguu umekunjwa kusikokunjwa, na damu ikitoka nyuma ya kichwa ikaenda kwenye tundu la kutolea maji. Nikafunga mlango. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni.

Kwanza alinitukana. Halafu akanieleza atakachonifanyia akipanda, kidole kwa kidole, na wewe baada yangu. Halafu akaanza kuniita kwa jina, kama alivyokuwa akiniita tukiwa tunachumbiana. Akasema hasikii miguu. Akasema simu iko mfukoni lakini mikono haifiki, nishuke tu niichukue. Akasema tafadhali. Miaka kumi na tisa, Dodie, sikuwahi kulisikia neno hilo kutoka kwake, na nilipolisikia nilitaka alirudie.

Kisha akasema, "Lete karatasi, Bern. Lete nisaini hapahapa."

Karatasi ilikuwa mbele yangu, chini ya kopo la chumvi, na kalamu juu. Hatua kumi na mbili za ngazi. Kitu nilichokipangia, nilichopigiwa, kilikuwa kinaniita chini ya sakafu. Na nilijua, kwa akili timamu kabisa wala haijaruka popote, kwamba nikikaa pale vya kutosha sitaihitaji saini yake tena. Nikakaa.

Nilijua upo nje. Nilisimama mara moja nikachungulia dirishani. Damu ilikuwa imeshika kwenye nywele zako, glovu moja imetoka, pumzi inakutoka mdomoni. Nikajiambia, anapumua, ataishi. Nikarudi kwenye kiti. Nilikuacha kwenye baridi ile muda wote huo ili asipatikane mtu wa kumwokoa yeye. Vidole vyako nimevichukua mimi. Kila ninapoandika neno naviona.

Aliponyamaza nilihesabu mpaka mia tatu. Nikashuka nikatoa simu. Mfuko ulikuwa bado na joto.

Sina majuto juu yake, nimejitafuta sijayaona. Majuto yangu yote ni yako, na ni mazito, na sijui nikulipe nini.

Nimewaambia wale wa runinga waje. Hapa mjini hakuna atakayeinunua, kila mtu anajua, hata Yost amebadili maneno, sasa anajifanya alikuwa kanisani. Wanunuzi wa runinga hutoka mbali. Ikiuzwa, nusu ni yako, na usiniambie tena kwamba huitaki.

Leo asubuhi nilijaza ile fomu ya kasoro. Bi Pavlik alikaa mkabala akimenya viazi. Nimeandika paa linavuja juu ya chumba cha nyuma. Nimeandika kuta zina matundu kumi na mawili. Kifo sikukitaja, kwa kuwa wanasema si kasoro. Mwisho kabisa wameacha mistari miwili mitupu, wanauliza kama kuna jambo jingine lolote ambalo mnunuzi angependa kulijua kabla ya kuhamia. Nilifikiri sana. Halafu nikaandika: "Mlango wa ngazi za chini ni mwembamba. Mtu akiwa kule chini, jikoni anasikika neno kwa neno."

Bern